Somo la Bi Sharifa

Tunduru,
19 Juni 2025

Kaka Kajetani,

Shikamoo, na wifi Benigna naye shikamoo yake. Nilifika salama. Basi liliharibika mbele kidogo ya Namtumbo lakini hatukulala njiani. Huku mchana kuna joto ambalo ninyi mnaojifunika mablanketi mawili huko Msamala hamtaamini. Wifi aende akang'oe hilo jino, asisikilize watu wanaomwambia asukutue kwa maji ya chumvi tu. Osmund wenu nilimwacha na mafua. Nadhani amepona.

Darasa lilianza Jumatatu. Wamejiandikisha wanawake kumi na wanane na wote wamefika. Tunakaa barazani kwa Bi Sharifa, yule aliyeyaona matandiko yangu ya vipande kwenye maonyesho ya Nane Nane mwaka jana akaniomba nije. Ana duka la vitenge karibu na stendi. Ni mjane kama mimi, na sauti yake hufika kabla yake. Hapa naitwa Mwalimu Lidwina, hata na watoto. Nimewafundisha kukata vipande kwa kutumia kigezo cha karatasi ngumu, na kesho tunaanza kuunga kwa cherehani. Ratiba yangu haijabadilika: wiki tatu hapa, kisha nirudi nyumbani, halafu Mbinga kwa wake wa wakulima wa kahawa, na katikati ya Agosti kikundi cha Walburga cha Mjimwema. Mwaka huu sitapumzika mpaka mvua zianze.

Mchana usinipigie simu. Simu ikilia hapa barazani watu wote wananyamaza ili wasikie. Andika. Abdulatifu, kaka yake Sharifa, ana lori linalokuja Songea kuchukua mahindi, naye amekubali kubeba barua. Mafundi wa sokoni wataleta mabaki ya vitenge kwako kama kawaida. Yatie kwenye viroba, umpe.

Chumba changu cha uani nimekifunga na ufunguo ninao. Msihangaike nacho.

Wasalimie wote wanaoniulizia.

Mdogo wako,
Lidwina


Msamala, Songea,
30 Juni 2025

Mdogo wangu Lidwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Barua yako ilifika ikiwa imefungwa vizuri. Nakubali tuandikiane. Nimefanya kazi ya habari miaka thelathini na moja, na maneno ya kwenye simu nayajua: yakikataliwa, huna pa kuyashika.

Benigna ameng'oa jino. Osmund amepona mafua na amepata mchumba. Binti ni wa Bombambili, anafundisha chekechea. Wazazi wake tumewaona na hawana neno. Wanaomba ndoa ifungwe kabla ya Majilio, na mimi nimeona ni sawa. Osmund bado analala sebuleni, kama unavyojua, na mtu hawezi kuoa akamleta mke sebuleni. Jambo hilo tutalizungumza ukirudi.

Viroba viwili vya mabaki nimempa Abdulatifu. Alikaa kwetu akanywa chai vikombe vitatu. Ni mtu wa miaka hamsini hivi, nguo safi, maneno mengi. Nilimwuliza habari zako akanijibu. Jibu lenyewe siliandiki hapa, kwa sababu nataka kwanza nisikie kutoka kwako. Je, kuna jambo lolote huko ambalo sisi ndugu zako tungepaswa kulijua?

Nakutarajia wiki ijayo.

Kaka yako,
Kajetani


Tunduru,
21 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Nimefurahi sana kwa habari ya Osmund. Mwambie shangazi yake atamshonea tandiko la kitandani, yeye achague rangi tu, asimwachie mama yake achague maana wifi atataka kahawia. Kuhusu pa kukaa, Mjimwema vyumba vya kupanga viko tele. Sioni kilichobaki cha kuzungumza.

Darasa limeongezwa muda. Ndiyo sababu hukuniona. Watu wa Mbinga nimewapelekea ujumbe wakakubali kusubiri. Wiki iliyopita nilikwenda Masasi na Sharifa kwenye harusi ya binti ya rafiki yake. Tulilala huko siku nne, wanawake saba chumba kimoja, kila mtu na sindano yake, tukimalizia tandiko la bi harusi. Sharifa alinikalisha karibu na mlango. Alisema, "Huyu Mngoni mwekeni hapo kwenye mwanga, tumwone anachokifanya." Watu wakacheka mpaka mama wa bi harusi akaja kutunyamazisha. Tangu mama afariki sijacheka hivyo.

Abdulatifu alikuambia nini? Hukupaswa kuandika nusu. Nimemwuliza, anasema alikusalimia tu akanywa chai.

Narudi mara darasa litakapokwisha. Walburga mwambie hivyohivyo.

Lidwina


Msamala, Songea,
4 Agosti 2025

Mdogo wangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku baridi haijapungua. Benigna sasa anatafuna pande zote mbili. Mahindi tumeyaingiza ndani. Walburga alipita hapa Jumapili baada ya misa ya pili kuuliza darasa lake lini. Nilimwambia sijui, na ni kweli sijui.

Umetaka nisiandike nusu. Naandika yote.

Nilimwuliza Abdulatifu kama unaendelea vizuri na kazi ya kufundisha. Alicheka. Akasema, na maneno haya niliyaandika pembeni alipoondoka: "Dada yako hana taabu, mzee. Bi Sharifa anampa somo kila siku mchana. Anakaa mkekani ametulia kama mwari."

Alhamisi hii ni sikukuu ya somo wangu, Mtakatifu Kajetani. Kwetu Wakatoliki wa hapa somo ni mtakatifu ambaye mtu amebatizwa kwa jina lake. Shuleni somo ni hesabu au jiografia. Lakini mimi nimekaa Tunduru misimu mitatu nikitangaza habari za korosho, nikapanga nyumba ya Waislamu, na najua kwamba huko somo ni kitu kingine. Ni mwanamke mtu mzima anayemfunda mwenzake mambo ya ndani kabla hajaolewa. Kazi hiyo hufanyika mkekani, mchana, wanaume wakiwa hawapo. Na "mwari" sihitaji kukueleza.

Tuangalie na mengine. Ulikwenda kwa wiki tatu, sasa ni ya nane. Mbinga umewaahirisha, Walburga umemwacha hewani. Umekwenda Masasi kwenye harusi na ukakalishwa mahali ambapo wote wangekuona. Mwenye lori ni kaka wa mwenyeji wako, amevaa vizuri na anakunywa chai kwa shemeji mtarajiwa bila aibu.

Wewe ni mtu mzima. Ukitaka kuolewa, hata na mtu wa dini nyingine, mimi sitakufunga kamba. Ninachotaka ni kuambiwa, kwa sababu linatuhusu. Unakumbuka mama alivyosema hospitali, mimi na wewe na Benigna tukiwapo: "Chumba cha uani ni cha Lidwina mpaka atakapopata kwake." Ikiwa unakaribia kupata kwako, Osmund anatakiwa kujua, na fundi wa rangi pia.

Jambo dogo: panya wameanza kuitafuna ile pamba uliyoiacha juu ya cherehani. Ukipenda, nitaihamisha.

Kajetani


Tunduru,
31 Agosti 2025

Kaka,

Shikamoo. Wifi nimemshonea kifuko cha miwani, yumo kwenye kiroba hiki. Namaanisha kifuko kimo.

Barua yako nimekaa nayo karibu mwezi kwa sababu kila nilipoanza kujibu niliandika maneno ambayo mtu hamwandikii kaka yake mkubwa.

Hakuna mwanamume aliyeleta barua ya posa, si kwangu si kwenu. Liandike na hilo pembeni.

Somo ni somo. Sharifa ni rafiki yangu, tunashona. Sina zaidi la kusema kuhusu hilo na sitaki kuulizwa mbele ya watu nikirudi.

Sasa zamu yangu kuuliza. Chumba nilikifunga. Dirisha nililipigilia mbao mwenyewe, kwa ndani, kabla sijatoka, kwa sababu ya vumbi. Ufunguo huu hapa nimeuweka mezani mbele yangu ninapoandika. Wewe umeionaje pamba iliyo juu ya cherehani? Na hao panya umewaona kwa macho au umewasikia? Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza hivyo.

Nijibu hilo kabla ya lingine lolote.

Lidwina


Msamala, Songea,
13 Septemba 2025

Mdogo wangu Lidwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Benigna ameshukuru kwa kifuko. Anakwenda nacho mpaka sokoni, ingawa miwani yenyewe anaiacha nyumbani.

Umeuliza kuhusu chumba. Kitasa kilibadilishwa mwishoni mwa Julai kwa usalama wa vitu vyako. Pamba nimeitupa, ilikuwa imeharibika. Cherehani zote mbili, kabati la nguo na viroba vya vitambaa viko stoo, vimefunikwa turubai. Hakuna kilichopotea.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikaa. Walikuwapo baba mdogo wa Peramiho, binamu wawili na mimi. Nilitoa maelezo jinsi mambo yalivyo. Maneno ya mama yalirudiwa kama alivyoyasema. Wote waliona kwamba mwanamke aliyeondoka nyumbani miezi mitatu bila kurudi wala kusema atarudi lini, chumba hakiwezi kukaa kikimsubiri wakati kijana wa nyumba anaoa. Osmund ameingiza kitanda. Kuta zimepakwa rangi ya maziwa. Ukija, utalala na mabinti wa binamu kwenye nyumba kubwa hadi utaratibu mwingine utakapopatikana.

Ndoa ni tarehe 15 Novemba. Tandiko ulilomwahidi Osmund, mchumba wake anapenda bluu.

Kajetani


Tunduru,
22 Septemba 2025

Kaka Kajetani,

Shikamoo. Wifi na watoto wote wa nyumba hiyo nawasalimu.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta kitu ambacho hakimo. Mwezi wa nane uliandika karatasi nzima juu ya mwanamume. Mwezi huu hukuuliza hata neno moja. Nikajiambia, Kajetani haachi kuuliza mpaka amejibiwa. Nikamfuata Abdulatifu kwenye lori lake nikamwambia aniambie kweli au barua zangu nitazipeleka kwa basi. Akasema ulimkuta mashineni Songea, mahindi yakikobolewa, mwanzoni mwa Septemba, kabla ukoo haujakaa. Ulimwuliza, "Somo gani hilo anapewa dada yangu?" Naye akakujibu, "La kushona, mzee, ulifikiri lipi?" Akasema ulimshukuru ukaondoka.

Kwa hiyo ulipokaa mbele ya baba mdogo na binamu, ulijua kwamba sikuolewa na wala siolewi. Ukawaacha waendelee kufikiri. Maneno ya mama uliyatoa sawasawa, nina hakika, hata nukta. Lile la mashineni hukulitoa.

Mimi nami kuna nililolificha, na ndilo lililokupa nafasi. Sikulisema kwa sababu liliniuma.

Wiki ya pili ya darasa tulimaliza tandiko la kwanza. Sharifa akalichukua bila kuniuliza, akalitia kwenye beseni, akalifua, akalianika mbele ya baraza. Lilipokauka lilikuwa limejikunja kila mahali. Nyekundu ilikuwa imechuja ikaingia kwenye nyeupe. Ulikuwa upana wa kitanda cha watu wawili, sasa haukufika hata ukingoni. Wanawake wakalizunguka. Sharifa akasema, "Mwalimu, hiki kitanda ulichopimia kilikuwa cha nani? Cha mbuzi?" Kesho yake walikuja sita.

Miaka sita nimefundisha kwamba kitenge kipya kisiguswe na maji kabla ya kukatwa, kwa sababu ule ugumu wake wa dukani unasaidia mkasi kwenda sawa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa nami. Matandiko yangu mengi nayauza kwa watu wanaokwenda nayo mbali, sijawahi kuona hata moja baada ya kufuliwa. Fikiria kikundi cha Walburga wamefua mangapi na hawakuniambia kwa heshima.

Nilifunga mzigo wangu usiku uleule. Asubuhi Sharifa akanikuta barazani na begi. Akaniuliza nakwenda wapi, nikasema darasa limekwisha. Akasema, "Limekwisha lako. Langu halijaanza. Vua viatu uketi." Nikaketi, kaka. Tangu siku ile mimi ni mwanafunzi wake. Kitambaa kinalala kwenye maji ya chumvi, kinaanikwa, halafu hakikatwi, kinachanwa kwa kufuata uzi wake wenyewe. Wanapiga bandi, ule mshono wa muda, kuanzia katikati. Halafu wanakaa wawili wawili wakitazamana, tandiko likiwa magotini mwa wote, kila mmoja akishona kuelekea kwa mwenzake. Ukishona vibaya, yule wa mbele yako anafumua bila kukuomba radhi, na wewe unafumua wa kwake. Mwezi wa kwanza Sharifa alifumua karibu kila nilichoshona. Sasa na mimi namfumulia, na ananitukana.

Hilo ndilo somo. Ningekuandikia Julai, pengine leo ningekuwa na chumba. Lakini ningeandikaje? Mwalimu Lidwina wa Msamala amekwenda kufundisha Tunduru akakalishwa chini. Niliona bora mfikiri chochote kile. Sikujua mtafikiri lile lenye faida kwenu.

Kuhusu maneno ya mama. Hakusema "mpaka atakapoolewa." Neno hilo alilijua, alilitumia kwa dada zetu wote. Kwangu mimi, niliyekuwa nimeshaolewa na kufiwa, alisema "mpaka atakapopata kwake." Mimi kwangu nimekwisha kupata. Ni hicho chumba.

Sharifa nimemsomea barua yako, samahani. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyu kaka yako ni Mngoni kweli, au amechanganyika?" Nikamwambia ni Mngoni wa pande zote mbili. Naye, Myao, akasema, "Basi ni mtani wangu, na mtoto wa mtani wangu amelala kwenye chumba cha mwanamke. Twende tukamtoe."

Nilidhani anatania, na kweli anatania, ndiyo shida yenyewe. Tunakuja, kaka. Mimi, Sharifa, na wanawake wengine wanne Wayao, na mizigo ya wiki sita. Darasa la Walburga litafanyikia hapo uani kwetu, na watani watalala kwenye chumba cha uani. Wakikuta kitanda cha Osmund watakilalia. Wakikuta Osmund juu yake, watamlilia kama maiti na kumdai sanda, na majirani wote wa Msamala watakuja kutazama. Wewe utaratibu wa utani unaujua kuliko mimi. Mtani hafukuzwi, hapigwi, hashtakiwi kwa baba mdogo. Mwenyeji akikasirika ndiye anayetozwa.

Mwambie Walburga kwamba mwalimu anayekuja ni Bi Sharifa. Mimi nitakaa mkekani pamoja nao.

Mdogo wako,
Lidwina


Msamala, Songea,
3 Oktoba 2025

Mdogo wangu Lidwina,

Tumsifu Yesu Kristo. Benigna anakusalimu. Barua yako niliikuta ameshaisoma. Aliniuliza swali moja tu, kuhusu mashineni, halafu siku mbili hakunipikia. Sasa anapika.

Osmund amepata vyumba viwili Mjimwema, karibu na shule ya mchumba wake. Binti mwenyewe alisema tangu mwanzo hakupenda kuishi uani kwa wakwe, ila hakuna aliyemwuliza. Kitanda kilitolewa Jumatatu. Cherehani zako zimerudi mahali pake, ile kubwa upande wa dirisha. Mbao za dirisha nimeziondoa, kwa sababu mtu hawezi kushona gizani. Kitasa kipya kina funguo mbili. Zote mbili ziko kwa Benigna, nawe utazichukua kwake. Baba mdogo wa Peramiho nimempelekea habari kwamba maelezo niliyotoa yalikuwa na upungufu.

Kwa Walburga sikwenda. Kusema kwamba mwalimu ni mwingine, hilo ni lako, utalisema kwa kinywa chako.

Wageni watano watapata pa kulala na watapata ugali. Waambie hapa hakuna maiti wala sanda, na mimi nina presha.

Nimebaki na jambo moja. Tarehe 31 Agosti uliandika hivi: "Hakuna mwanamume aliyeleta barua ya posa, si kwangu si kwenu." Ilikuwa sentensi nzuri na niliiamini. Juzi nimeirudia. Imesema hakuna aliyeleta barua. Haikusema hakuna anayefikiria kuileta, wala haikusema wewe ungejibu nini. Abdulatifu amepita Songea mara nne tangu Julai kwa mahindi ambayo, nimeuliza mashineni, yangeingia kwenye lori lake kwa safari mbili. Na mara hii ya mwisho alimletea Benigna kilo mbili za korosho zilizobanguliwa, akaniuliza kama nasumbuliwa na mbu, kama anayetaka kuniletea chandarua.

Chumba nimeshasema ni chako. Sikirudishi mezani. Nauliza kwa kutaka kujua tu.

Kajetani


Tunduru,
8 Oktoba 2025

Kaka,

Shikamoo. Nashukuru kwa dirisha. Mwambie wifi asihangaike kununua mchele, tunakuja nao.

Tunafika Jumamosi jioni. Kwa Walburga nitapita mwenyewe kabla sijashusha mzigo, nimeshajua nitakavyosema.

Lori anaendesha Abdulatifu. Swali lako nilitaka nilijibu hapa, halafu nikaona ni vizuri umwulize yeye, uso kwa uso, kama ulivyozoea kazini. Ila kumbuka naye ni Myao na wewe ni Mngoni. Lolote utakalomwuliza atakujibu kwa utani, na hutajua ameweka kweli wapi.

Lidwina